Kabla Ukope Pesa ya Lapi Mpya, Fungua Task Manager

Wasee, wacha niseme mapema ndio wa kukasirika akasirike mapema: wengi wenu hamhitaji lapi mpya. Mnahitaji diski tofauti, RAM kidogo ya kuongezea, na mjue programu yenu inafanya nini hapo nyuma mkiangalia ile duara ikizunguka.

Siku hizi inboksi yangu ni swali moja tu linalobadilisha nguo. Lightroom inakwama, ninunue mashine gani? Photoshop imeganda, i7 itatosha? Hakuna anayeuliza inakwama kwa nini. Swali linaruka moja kwa moja hadi dukani. Na wiki jana kijana mmoja anayepiga picha za mahafali na ruracio ameniambia tayari amechukua mkopo wa simu, anatafuta wa pili ndio afikishe bei ya lapi ameona huko Moi Avenue. Kisa? Ana picha elfu mbili za harusi zimekaa kwake wiki tatu. Bibi harusi amepiga simu mpaka akachoka, sasa wanapiga mashangazi. Nikamuuliza, hiyo mashine uko nayo ina diski gani? Hajui. RAM? Anadhani nne, ama nane.

Manze, unaingiaje deni la miezi sita kutibu ugonjwa ambao hujapima?

Kupima ni bure na kunachukua dakika kumi. Fungua kazi yako ya kawaida, ile inayokukera, halafu bonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja. Task Manager ikitokea, enda kwa Performance. Utaona CPU, Memory, Disk na GPU, kila moja na mchoro wake unaopanda na kushuka. Weka hiyo dirisha kando na uendelee kuediti. Subiri ikwame. Sasa angalia nani amegonga asilimia mia. Kama ni Disk iko mia na CPU imelala kwa kumi na tano, basi hata ukiletewa prosesa ya NASA hutaona tofauti kubwa. Ni kama kuwekea matatu injini kubwa na shida yako ni jam ya Mombasa Road.

Na kwa zile mashine za ex-UK za bei ya chini tunazonunua wengi wetu, mara nyingi ni Disk ama Memory. Nimefungua za marafiki wa kutosha kusema hivyo.

Diski ya zamani, ile HDD, ni sahani inazunguka ndani ya boksi, na kuna mkono mwembamba unakimbia juu yake ukitafuta data. Nyingi za lapi zinazunguka mara 5,400 kwa dakika. Piga hesabu: mzunguko mmoja ni kama milisekunde 11. Unasema, si hiyo ni kidogo? Ni kidogo kama unasoma faili moja kubwa, kama filamu. Lakini Lightroom haisomi hivyo. Inachokonoa katalogi, inaenda kwa nakala za kuangalizia, inarudi kwa keshi, inafungua picha yenyewe, na kila kitu kiko kona yake ya sahani. Mkono unakimbia, sahani inasubiriwa ifike, mkono unakimbia tena. Mara maelfu. Wakati huo huo Windows nayo inataka kuandika mambo yake hapo hapo. SSD haina kitu kinachozunguka, kwa hivyo hakuna kusubiri sahani ifike. Hata ile ya kawaida ya SATA, ambayo si ya kasi sana siku hizi, inasoma karibu megabaiti 500 kwa sekunde, na HDD ya lapi ikijaribu sana ni kama mia moja hivi. Na hiyo tofauti ya mara tano ndiyo ndogo. Kwa hivyo vitu vidogo vidogo, tofauti ni kubwa zaidi ya hapo.

Kwangu mimi, hiyo ndiyo pesa ya kwanza inafaa kutoka mfukoni. Si RAM, si skrini, si zile taa za rangi. SSD. Fundi anaweza kuhamisha Windows yako na kila kitu kama kilivyo, hutapoteza hata picha ya nyuma ya skrini, lakini weka nakala ya kazi yako mahali pengine kabla umpe mashine. Na usimwachie ile HDD ya zamani. Mwambie akuwekee kwa kasha la USB, itakuwa diski yako ya nje.

Halafu kuna RAM. Hii nayo watu wanaizungumzia kama imani, kwa hivyo wacha nitumie hesabu. Kamera ya megapikseli 24 inatoa picha ya pikseli 6,000 kwa 4,000. Kwa kadi, faili ya RAW inaweza kuwa megabaiti 25 ama 30, kulingana na kamera. Ukiifungua kwa Photoshop kwa biti 16, kila pikseli ina rangi tatu, kila rangi baiti mbili. Hiyo ni megabaiti 144 kwa leya moja. Rudufu leya mara nne kwa sababu uliona mtu YouTube akilainisha ngozi hivyo, uko zaidi ya nusu gigabaiti, na bado hujahesabu historia ya kurudi nyuma ambayo Photoshop inakuwekea hatua 50 ukiiacha ilivyokuja. Sasa mashine ya 4GB, Windows imekula zaidi ya nusu kabla hata ufungue kitu, Chrome ina vichupo kumi na saba, WhatsApp iko wazi, na kuna muziki. RAM ikijaa, kompyuta inaanza kutumia diski kama RAM. Na kama hiyo diski ni ile ya kuzunguka... unaona vile magonjwa mawili yanashikana mkono.

Adobe wenyewe wanasema Lightroom Classic inahitaji angalau 8GB na wanapendekeza 16. Nane utaishi, lakini funga Chrome. Kumi na sita utapumua. Na kabla ununue, jua kwamba lapi nyembamba sana, mfano ThinkPad X1 Carbon, RAM yake imechomelewa kwa bodi. Haiongezwi. Zile nene nene ambazo watu wanacheka, kama EliteBook 840 G3 ama ThinkPad T480, zina nafasi mbili za RAM. Uzuri wa mashine ya ofisi ya zamani ya Uingereza ni huo: ilijengwa ndio mtu wa IT aifungue bila kulia.

Nikifika hapa kuna mtu ashaandika "lakini i7". Buda, hiyo stika imewalipisha watu sana. i7-4600U ya mwaka 2013 ina koa mbili. i5-8250U ya 2017 ina nne. Ukiwa Luthuli na muuzaji anakuambia "hii ni i7 kaka, hii ni moto", mwambie akuonyeshe namba yote. Tarakimu ya kwanza baada ya kistari kwa hizo za zamani ndiyo kizazi: 4600 ni cha nne, 8250 ni cha nane. Rafiki yangu wa Kayole aliuziwa i7 ya kizazi cha nne na HDD na 4GB. Mimi naediti kwa i5 ya kizazi cha sita yenye SSD na 16GB. Tulikaa meza moja tukatoa JPEG mia mbili za shoo ileile. Nilimaliza, nikaenda kununua smokie, nikarudi, yake bado inahesabu. Na yeye ndiye alilipa zaidi!

Sasa, vyuma ni nusu ya hadithi tu. Hii nusu ingine ndiyo inaniuma kuona watu wakiipita, kwa sababu haigharimu hata bob.

Lightroom Classic ina katalogi, ambayo ni kama daftari: haina picha zako, ina maelezo ya picha ziko wapi na umezifanya nini. Pamoja nayo kuna folda ya nakala za kuangalizia. Hivi viwili ndivyo vinaguswa kila sekunde. Kwa hivyo hivi viwili ndivyo vinafaa kukaa kwa SSD ya ndani. Picha zenyewe, zile gigabaiti themanini za harusi, zinaweza kukaa kwa diski ya nje bila shida kubwa. Watu wengi wanafanya kinyume: SSD ndogo imejazwa picha za 2021 mpaka imebaki na gigabaiti mbili, halafu katalogi iko kwa flashi ya USB ndio "nikienda kwa beshte niendelee". Kufanyia kazi kwa flashi, ama mbaya zaidi moja kwa moja kwa kadi ya kamera, ni kujitesa, na siku moja hiyo kadi itakufa na ruracio ya watu ndani yake. Diski ya nje nayo ichomekwe kwa ile tundu ya USB 3, ambayo kwa mashine nyingi ina plastiki ya bluu ndani. Ya USB 2 mwisho wake ni megabiti 480 kwa sekunde kwa karatasi, na kwa ukweli hutafika hapo.

Ya pili ni Smart Previews. Hii ndiyo ningemwambia yule kijana kabla ya kitu kingine chochote. Unapoingiza picha, kuna kisanduku cha kuweka alama kinachoitwa Build Smart Previews. Lightroom inatengeneza nakala ndogo ya kila picha, upande mrefu pikseli 2,560 tu, lakini bado unaweza kuvuta mwanga na rangi kama RAW. Halafu ingia Preferences, kipande cha Performance, uweke alama pale pameandikwa kutumia Smart Previews badala ya picha halisi wakati wa kuediti. Badala ya mashine kubeba megapikseli 24 kila ukisogeza slaida, inabeba kama nne na kidogo. Ukitoa JPEG za mwisho, ukubwa na ubora ni wa picha halisi, mradi diski yenye picha imechomekwa. Mteja hawezi kujua. Kitu cha kuchunga tu ni ukali na chengachenga: hizo ziangalie ukivuta karibu hadi ukubwa kamili, hapo ndipo inaleta picha yenyewe.

Kutengeneza hizo nakala kunachukua muda, sikatai. Kwa mashine dhaifu picha elfu mbili zinaweza kula saa nyingi. Lakini ni saa ambazo huhitajiki hapo. Ingiza picha usiku ukirudi kutoka kwa harusi, chomeka chaja, zima ile mambo ya kompyuta kulala yenyewe, enda ulale wewe. Asubuhi unakaa kwa mashine ambayo ishafanya kazi ngumu. Mtu anayeingiza picha saa nne asubuhi na kuanza kuediti saa nne na dakika moja anashindania diski moja na programu yake mwenyewe.

Hapo hapo kwa Performance kuna Camera Raw Cache. Kama yako bado iko gigabaiti moja kama matoleo ya zamani yalivyokuja, ipandishe hadi 20 kama SSD ina nafasi. Na kwa menyu ya File kuna Optimize Catalog, ambayo watu wanaishi miaka bila kuigusa.

Jambo lingine ni mpangilio wa kazi. Usiediti picha ambazo hutampa mtu! Chambua kwanza. Kuchambua kunataka nakala za haraka tu, na ukichagua Embedded & Sidecar wakati wa kuingiza, Lightroom inatumia zile JPEG ambazo kamera ishaziweka ndani ya RAW. Elfu mbili zinashuka hadi mia tano. Hizo mia tano ndizo zinafaa kutengenezewa nakala kamili, priseti na kila kitu. Hapa hakuna prosesa imebadilika na tayari umepunguza kazi kwa robo tatu. Na kama picha moja inahitaji kutolewa chunusi arobaini na waya za stima, ipeleke Photoshop. Lightroom inahifadhi kila mguso kama maagizo na inayarudia yote kila ikichora hiyo picha upya, kwa hivyo ukirundika brashi na barakoa mia kidogo, itapumua kama mzee akipanda ngazi.

Wale wa mabango nao, na mnajijua. Roll-up ya sentimita 85 kwa 200, mtu ameifungua Photoshop kwa dpi 300 kwa sababu mwalimu alisema uchapishaji ni 300. Hiyo ni kama pikseli 10,000 kwa 23,600. Leya moja iliyojaa ni zaidi ya megabaiti 700 hata kwa biti 8. Kwa dpi 100 leya hiyohiyo ni kama megabaiti 79. Hilo bango litasimama mlangoni mwa kanisa na watu wataliona kutoka mita mbili. Muulize mtu wa printa anataka dpi ngapi kabla uanze, usikisie. Hapo chini ya dirisha la Photoshop pia unaweza kuchagua ikuonyeshe Efficiency. Ikishuka chini ya asilimia mia, RAM imeisha na sasa inatumia diski. Sasa funga vitu, ama Edit, Purge, All. Ila ukifanya hivyo, historia ya kurudi nyuma imeenda.

Joto na stima nitapita haraka. Lapi juu ya kitanda inaziba matundu, prosesa inapata moto, inajipunguza mwendo yenyewe ndio isiungue. Weka mezani, na kama ni ya miaka saba mwambie fundi atoe vumbi na abadilishe ile pasta ya joto. Kwa betri nyingi zinapunguza nguvu pia, kwa hivyo editi ukiwa umechomeka.

Programu za "kuharakisha PC"? Futa. Ni mgeni mwingine anayekula RAM. Na hizi kraki za Telegram, najua Adobe ni pesa kila mwezi na najua sisi ni vijana wa kutafuta. Lakini kuna kraki zinazokuja na kitu cha kuchimba sarafu za kidijitali kwa CPU yako, halafu unashangaa feni inalia na hujafungua chochote. Kama huwezi kulipa, darktable na GIMP ni bure kihalali kabisa. Darktable itakusumbua wiki mbili za kwanza, sitakudanganya.

Kuna wakati kweli mashine ndiyo shida, sitaki kujifanya. Ile Denoise ya AI ambayo Lightroom iliongeza mwaka 2023 inategemea GPU, na bila kadi nzuri ya picha unaweza kusubiri dakika kadhaa kwa picha moja. Kama kazi yako ni klabu na matamasha ya usiku, kila picha ina chengachenga, basi hapo una sababu. Kama unapiga harusi za mchana, itumie kwa picha kumi za dansi ya usiku na uachane nayo. Pia Windows 10 ilifika mwisho wa msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi haitaki Intel za kabla ya kizazi cha nane. Mashine yangu mwenyewe iko kwa hiyo orodha. Kwa hivyo ndiyo, siku moja nitanunua. Lakini nitanunua na pesa ya kazi ambazo mashine hii ilimaliza kwa wakati. Na RAM imepanda bei tangu mwisho wa 2025 kwa sababu viwanda vinapeleka chipu kwa vituo vya AI, kwa hivyo ukinunua, tafuta ile tayari ina 16GB ama ina nafasi wazi.

Yule kijana nimemwambia asimamishe huo mkopo wa pili. Aanze na Smart Previews usiku huu na mashine hiyo hiyo, achambue hadi mia tano, atumie mashangazi hamsini za kwanza Jumamosi. Mwisho wa mwezi aweke SSD. Kama baada ya hapo Task Manager bado inaonyesha CPU iko mia, twende tauni pamoja nimsaidie kuchagua.

Na ukienda peke yako, usilipe kabla muuzaji aiwashe mbele yako, ufungue Task Manager mwenyewe, uende Memory. Kuna mahali pameandikwa Slots used. Enda pia Disk uone kama ni SSD ama HDD. Akisema haina chaji, chomeka. Akisema fundi ametoka nayo pasiwadi, duka lingine liko mlango unaofuata.